Chombo Kisichoinama

Jina la katamarani lilizaliwa katika bahari hii ya Hindi. Watamil walilijenga kwa maneno mawili: kattu, yaani kufunga, na maram, yaani mti, ndiyo magogo yaliyoshikanishwa kwa kamba ambayo wavuvi wao huyasukuma majini alfajiri. Wazungu walilichukua jina hilo wakalivisha chombo kingine: chombo cha viwiliwili viwili vilivyo sawa, vilivyounganishwa kwa sitaha pana, na mlingoti mmoja kati. Mtu wa visiwani akikiona kwa mara ya kwanza hukumbuka ngalawa, kwani ngalawa nayo haisimami kwa tumbo lake peke yake, bali kwa mirengu yake. Siku hizi vyombo hivyo hukodishwa kwa wiki katika bandari nyingi za dunia, na wanaovikodi aghalabu ni familia: mabibi, wazazi na wajukuu wanaotaka kulala juu ya maji bila ya kuwa mabaharia.

Kinachowavuta ni utulivu wake. Chombo cha mwili mmoja, upepo ukizidi, hulala upande. Sahani huteleza mezani, abiria hutafuta pa kushika, na nahodha hupunguza tanga hata kama hajatazama kipimo chochote. Katamarani haiinami ila kidogo mno. Chai hubaki kikombeni na mtoto hulala usingizi wake. Lakini tabia hiyo hiyo ndiyo hatari yake. Mzigo unaozidi kuulemea mlingoti na kamba zake hauonekani kwa macho wala hausikiki miguuni. Kwa hivyo nahodha wa katamarani haongozwi na hisia, huongozwa na nambari: upepo ukifika kiasi kilichoandikwa na waundaji, hupunguza tanga, ingawa sitaha imetulia kama baraza. Akingoja mpaka chombo kilalamike, huwa amekwisha chelewa. Na katamarani ikipinduka hairudi yenyewe, kwa sababu upana ule ule ulioizuia isianguke ndio utakaoizuia isiinuke.

Haya yote yalisomwa na ndugu watatu, watoto wa mama mmoja wa Unguja, walipoanza kupanga safari ya pamoja. Kaka mkubwa anaishi Unguja na mkewe na mama yao. Dada yuko London na mumewe na watoto wawili. Mdogo wao, ambaye hajaoa, anafanya kazi Maskati, na huko ndiko alikojifunza kuendesha vyombo vya tanga vya kisasa hata akapata cheti. Walikuwa hawajakaa sahani moja, wote kwa pamoja, kwa miaka mingi. Mara ndege, mara likizo, mara pasi: kila mwaka ulikuwa na udhuru wake. Safari hii walikusudia kuwa na juma moja tu lisilo na udhuru, na kulitumia juma hilo baharini, maana wote watatu walikulia pwani na hakuna aliyekuwa akiishi maisha ya bahari tena.

Ushelisheli ilichaguliwa kwa hoja tatu. Kwanza, nchi hiyo haidai viza kwa wageni wa karibu mataifa yote. Hutaka kibali cha safari kinachoombwa kabla ya kuondoka, na hilo ni jambo kubwa kwa familia yenye pasi za Tanzania, Uingereza na Oman. Pili, visiwa vyake vya ndani viko karibukaribu. Kutoka Mahé hadi Praslin ni maili 25 hivi za baharini. Kwa mwendo wa maili 6 kwa saa, chombo kilichong'oa nanga baada ya chai ya asubuhi hufika kabla ya alasiri. Kutoka Praslin hadi La Digue ni safari ya chini ya saa moja na nusu hata kwa anayejivuta. Tatu, mama yao alikuwa akilitaja jina la Ushelisheli tangu walipokuwa wadogo, akiwahadithia habari za mnazi wake wenye mbegu nzito kuliko mbegu zote duniani.

Ikaja hesabu ya majira. Watoto wa London hufunga skuli kwa muda mrefu mwezi wa Julai na Agosti, na huo ndio wakati kusi inapovuma kwa nguvu zake zote, bahari imechafuka na upepo haupumziki. Mpangaji asiye mtu wa pwani angefuata kalenda ya skuli na kuiachia bahari ijipange. Wao walifanya kinyume. Walilichukua juma la mapumziko mafupi ya mwisho wa Oktoba, wakati wa tangambili, kusi imechoka na kaskazi haijaingia. Hapo kaka mkubwa aliambiwa jambo ambalo hakulitarajia: upepo wa kaskazi, ambao Unguja hutoka kaskazini-mashariki, kule Ushelisheli huvuma kutoka kaskazini-magharibi. Ghuba ya Anse Lazio, iliyo salama wakati wa kusi, hupokea mawimbi kaskazi inapoanza. Hata kibla kimehama. Unguja mtu huelekea kaskazini takriban moja kwa moja. Ushelisheli hana budi kuelemea magharibi, na chombo kilichotia nanga hugeuka na upepo hata kati ya rakaa ya kwanza na ya mwisho. Wahenga hawakukosea waliposema usisafirie nyota ya mwenzio.

Kila siku kundi lao la simu lilijaa mambo. Tangi la maji tamu la lita 600, likigawiwa watu 9 kwa siku 7, humpa kila mmoja pungufu ya lita 10 kwa siku: kunywa, kupika, kuoga na kutawadha. Wakakubaliana kuoga maji ya chumvi na kujisuuza kwa kata moja, na kujaza tangi upya katikati ya juma. Nanga itatupwa juu ya mchanga, kamwe si juu ya matumbawe. Chombo kitakuwa kimetulia kabla ya magharibi, kwa kuwa mikataba ya kukodi aghalabu hukataza kusafiri usiku, na kule jua huzama mara baada ya saa 12 jioni. Mchele na viungo vitatoka Unguja, samaki atanunuliwa huko huko. Tangawizi kwa wenye kuchafukwa na moyo, na itumiwe kabla ya safari, isingojwe mpaka kichefuchefu kianze.

Ugomvi ulikuwa mmoja. Mdogo alitaka wakodi chombo kitupu, naye awe nahodha kwa cheti chake. Kaka mkubwa, aliyeshika usukani wa ngalawa tangu utotoni, hakuwa tayari kuamrishwa na kijana aliyembeba mgongoni. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na hapo walikuwa wawili kabla hata chombo hakijapatikana. Dada ndiye aliyeamua. Alisema watoto wake hawatapanda chombo ambacho amri yake inajadiliwa. Basi wakakubaliana kumwajiri nahodha wa Ushelisheli, anayezijua kasa za visiwa vyake, na ndugu wote wawili wawe mabaharia chini yake. Gharama ilipanda, heshima ikabaki.

Katika maneno yote hayo, mama alikuwa anasema neno moja. Akiambiwa tarehe, alisema, "Haya." Akionyeshwa picha ya chumba chake cha kulala, kilicho bora kuliko vyote, alisema, "Haya, wanangu." Akiulizwa kama atapenda, alisema, "Mkipenda nyinyi." Watoto wake walilipokea neno hilo kwa furaha na kuendelea na hesabu zao. Lakini haya ya mzazi wa Kizanzibari ni neno lenye vyumba vingi. Ndani yake mna ridhaa, mna uchovu, mna kutotaka kuwavunja watoto moyo. Asiyeingia ndani atadhani amesikia ndiyo.

Nao walikuwa na sababu ya kuuliza. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, meli iliyotoka Unguja ikielekea Pemba ilizama ikiwa imejaa watu kuliko uwezo wake. Ndugu wa kike wa mama huyo alikuwa amekuja Unguja kula sikukuu naye, akawa anarejea kwake. Tangu siku hiyo mama hakupanda chombo cha baharini. Pemba huenda kwa ndege, na kama hakuna ndege haendi. Hakulifanya jambo hilo kuwa gumzo, wala hakuwakataza watoto wake kuvuka. Aliacha tu kuvuka, na kwa kuwa aliacha kimya kimya, ikawa wepesi kusahau kwamba ameacha. Wale waliosoma kurasa nyingi juu ya chombo kisichoonyesha mzigo wake walikuwa nacho nyumbani.

Aliyelifichua hilo alikuwa karatasi. Wenye kukodisha vyombo hutuma waraka wa abiria: jina, nambari ya pasi, umri, uzito kwa ajili ya jaketi la kujiokolea, ugonjwa kama upo. Kaka mkubwa alikuwa akiujaza ukumbini baada ya sala ya isha, mama akiwa pembeni na tasbihi yake. Mwisho wa waraka paliulizwa jina la mtu wa nchi kavu atakayearifiwa likitokea lolote. Kaka alitafakari, akataja jina la huyu na la yule, kisha akacheka kidogo, akasema kwamba kila anayefaa kuarifiwa atakuwa chomboni.

"Andika langu," mama akasema.

Hakuna aliyemjibu. Mkwe aliinua macho kutoka kwenye ushoni wake. Mwaka 2011 jina la mama ndilo lililokuwa la kuarifiwa. Yeye ndiye aliyesimama kati ya watu akingoja kuitwa. Sasa alikuwa analitoa jina hilo tena, kwa hiari yake, na kwa njia hiyo alikuwa amesema, bila ya kusema, kwamba hatapanda.

"Basi tuiache safari, mama," kaka alisema.

"Sikusema muiache. Nimesema andika langu."

Mpango ulianza upya usiku huo, na safari hii ulipangwa na mwenye kuujua mzigo. Mama atafika Mahé pamoja na wengine, na kutoka hapo atapanda ndege ndogo mpaka Praslin, safari ya chini ya nusu saa. Atakodiwa nyumba Anse Volbert, pwani inayotazamana na kisiwa cha Curieuse, na mlango wa bahari ulio kati yake ndio utakaokuwa bandari ya familia. Badala ya kuzunguka kila kisiwa kwa juma zima, chombo kitalala siku nne mbele ya nyumba hiyo. Asubuhi wajukuu watakwenda Curieuse kuwatazama kobe wakubwa. Mchana watateremka kwa bibi yao kula. Siku moja nzima ni yake: ataongoza yeye, kwa miguu, katika msitu wa Vallée de Mai, uliomo katika urithi wa dunia tangu 1983, awaonyeshe ule mnazi aliouhadithia bila ya kuuona. La Digue wataiendea siku moja na kulala huko usiku mmoja.

Na mtu wa nchi kavu ana kazi yake, wala si kazi ya kupumbazwa nayo. Wasafiri wa bahari wanaojua wanachofanya humwachia mtu mmoja karatasi yenye jina la chombo, idadi ya watu, njia watakayopita, saa watakayofika, na saa ambayo kimya chao kitahesabiwa kuwa ni habari. Mama aliipokea kazi hiyo kama mtu aliyeingoja. Aliweka masharti yake mwenyewe. Majaketi yahesabiwe kabla ya kung'oa nanga, na kila mtoto avishwe lake ajulikane kuwa linamkaa. Simu ipigwe kabla ya magharibi, si baada yake. Idadi ya watu iliyoandikwa isizidi hata mmoja, hata kama atakayeomba kupandishwa ni rafiki wa njiani. Mdogo wa Maskati, mwenye cheti, aliyasoma masharti hayo na kukiri kwamba mwalimu wake alimfundisha hayo hayo kwa siku mbili na kwa fedha nyingi.

Ratiba nayo ilipunguzwa. Siku ya mwisho kabla ya ndege iliachwa tupu, bila ya kisiwa wala matembezi, ili bahari ikikataa siku moja pasiwe na mtu wa kushindana nayo. Dada alikuwa ameijaza siku hiyo tangu mwanzo, aliifuta mwenyewe.

Waraka ukakamilika: abiria 7, nahodha 1, na jina la mama mwisho wa ukurasa na nambari yake ya simu. Kilibaki chumba chake cha kulala. Mkwe aliuliza kama wapewe watoto, kwa kuwa sasa hakina mtu, naye mdogo wao alikuwa amekubali kulala ukumbini. Kaka mkubwa alisema kiachwe na kitandikwe. Chombo kitatia nanga siku nne mbele ya nyumba, na maji ya Oktoba aghalabu huwa yametulia. Mama alisikia, akaendelea kuvuta tasbihi yake, na safari hii hakusema haya.