Kutoka Kabale hadi Kampala: Turubai na Mzigo Wake

Pikapu iondokayo Kabale alfajiri hukutana na hali nyingi za anga kwa siku moja. Mji huo uko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukungu hulala mabondeni na baridi huuma. Kufika Mbarara jua limekwisha panda, na baada ya Masaka gari huvuka mstari wa Ikweta pale Kayabwe. Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba, mvua yaweza kulikuta popote njiani.

Kwa hiyo kifuniko huchaguliwa kwa kuangalia mzigo. Viazi vya milimani vikilowa na kukosa hewa, huoza. Vikiachwa mwangani muda mrefu, hugeuka kijani na kuingia sumu. Turubai la pamba huvipa kivuli na hewa. La plastiki huzuia mvua vizuri zaidi, bali hufungia joto. Hilo hufaa magodoro na masanduku ya askari aliyehamishwa kituo. Banda la bati lenye kufuli huwashinda wezi, ila huongeza uzito.

Jambo moja halina hiari: watoto wasilazwe chini ya kifuniko chochote. Moshi wa ekzosi huvutwa ndani kupitia nyuma, nao una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyesinzia huenda asiamke. Mzigo ukae nyuma, familia ikae mbele. Wasioenea wapande basi.