Hajaripoti Chuo, Namba Yake Imeshatangulia

Wadau, hii imetukuta hapa nyumbani Magongo.

Mdogo wangu amepata nafasi ya chuo kupitia KUCCPS. Hata sanduku hajanunua. Juzi simu ikaingia: jamaa anamwita majina yote matatu, anajua kozi yake, anajua mpaka namba yake ya indeksi ya KCSE. Eti hosteli zinajaa, tuma elfu sita sai. Mamangu alikuwa ashaingia M-Pesa. Kilichotuokoa ni salio, halikutosha!

Kumbe orodha ya wanafunzi wapya ilikuwa inazunguka kwenye kundi la WhatsApp, na namba za simu juu. Nikapigia chuo. Dada wa ofisini akanijibu kwa upole kabisa: "Huyo hajasajiliwa, hajawa mwanafunzi wetu. Akiripoti tutashughulikia."

Nikachemka. Hajawa wenu, na taarifa zake mmezipata wapi?

Huko Marekani angalau jibu hilo lingekuwa na pa kushikia. Sheria yao ya FERPA, ya 1974, humlinda mwanafunzi akishaanza kuhudhuria chuo. Yetu sivyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haiulizi kama umeripoti, inamlinda mtu yeyote ambaye taarifa zake zinashikwa na mwingine. Na huyu wetu ana miaka 17, kwa hivyo kifungu cha 33 kinamhusu pia, kile kinachotaka mzazi au mlezi aridhie. Taarifa zikivuja na kuna hatari ya mtu kuumia, anayezishika ana saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data. Saa, si wiki.

Mkisema ni sheria ya makaratasi, kumbukeni Septemba 2023: Roma School ya Uthiru, Nairobi, ilipigwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Mamangu lakini hataki kesi. "Wewe, usimharibie nduguyo. Wakimnyima nafasi je?" Simlaumu. Ndiye aliyeuza mahamri miaka minne kulipa karo.

Nimepeleka malalamiko hata hivyo. Kamishna ana siku 90 kumaliza uchunguzi. Mdogo wangu anaripoti Jumatatu, na mamangu bado hajanisemesha.