Karatasi Iliyoandikwa kwa Penseli

Katika miaka yetu ya kuwaandaa walimu, tuliwaonya mara nyingi wasimalize somo kwa kuuliza: "Mmeelewa?" Darasa zima hujibu kwa sauti moja, "Ndiyo, Mwalimu!", naye mwalimu huenda zake kwa furaha bila kujua ni nani aliyeelewa nini. Onyo hilo tulilitoa kwa wengine; siku moja likatushinda sisi wenyewe. Tunawasimulia kisa hicho kwa sababu ninyi nanyi huombwa maoni baada ya semina na mikutano yenu.

Ilikuwa semina ya siku mbili hapa Lubumbashi, iliyowakutanisha watafiti wa chuo na wahandisi wa migodi na viwanda. Mkutano wa namna hiyo unaufaa sana mji wetu. Tanuru la kuyeyushia shaba liliwashwa hapa mwaka 1911, na chuo kikuu kilifunguliwa mwaka 1956. Ni majirani wa siku nyingi, lakini mara nyingi husalimiana njiani tu bila kuingia nyumbani kwa mwenzake. Hata hivyo elimu na kazi zikikutana, matunda huonekana. Mlima mweusi wa mabaki ya tanuru, ambao wazee wetu waliuona kuwa takataka, una kobalti ndani yake, na tangu miaka ya 2000 mabaki hayo yamekuwa yakiyeyushwa upya ili kuitoa. Huko Penga Penga, ambako moshi wa tanuru uliangamiza miti, watafiti wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu kuotesha majani katika udongo uliojaa shaba, wakiutia chokaa na mboji.

Waandalizi walituomba sisi, kwa kuwa tumezoea kutunga mitihani, tuandae karatasi ya maoni na kuyajumlisha majibu. Tuliiandika kwa Kifaransa: maswali matano, kila moja likiwa na alama kutoka 1 hadi 5, na chini kabisa mistari mitatu ya maneno. Jioni ya siku ya pili tuliketi na bunda la karatasi mezani.

Alama zilikuwa za juu. Ukumbi mzuri, chakula kizuri, wasemaji wazuri. Ila katika ile mistari mitatu ya chini ndimo watu walimokuwa wamejificha. Mhandisi mmoja aliandika kwamba mtafiti humletea jibu baada ya miaka miwili, ilhali pampu yake imesimama asubuhi hii. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba anapoomba mawe machache ya kupima huambiwa kuwa ni siri ya kampuni, kisha huulizwa kwa nini tasnifu yake haina faida kwa kampuni. Wengi walilalamika kwamba umeme ulikatika siku ya kwanza na mashine ya kuonyeshea picha ikazimika. Mmoja tu aliandika kinyume chao: "Umeme ulipokatika ndipo tulipoanza kuzungumza." Nasi tulikumbuka kwamba ndivyo ilivyokuwa. Gizani, mhandisi mzee alitoa jiwe mfukoni akampa mwalimu wa chuo, na watu wakawazunguka hadi saa ya chakula.

Karatasi moja ilikuwa imeandikwa kwa penseli, kwa Kiswahili chetu cha mjini. Alama hazikujazwa hata moja. Aliyeiandika ni mama mmoja wa Kasungami, mlimaji wa mboga, aliyealikwa pamoja na wakaaji wengine wachache ili wasikilize. Alisema hivi: "Siku mbili mulisema juu ya maji. Hakuna mutu alituambia kama tumwangilie nayo mboga ao tuache."

Hapo ndipo tulipokosea. Karatasi ile haikujibu maswali yetu, nasi hatukuwa na safu ya kuiweka. Tuliiweka kando, tukajumlisha alama, tukaandika katika ripoti kwamba washiriki waliridhika. Tena, kwa kuwa nasi tulikuwa washiriki, tulijaza karatasi yetu. Tulijipa haki ya kuandika "vizuri sana" mara tano, ingawa siku zote mbili tulikuwa na swali lile lile la yule mama kifuani. Hatukuliuliza kwa sababu wenye meza ya mbele walikuwa na vyeo vikubwa, nasi tuliona haya.

Usiku ule nyumbani tuliandaliwa bukari na lengalenga. Tuliuliza mboga zimetoka wapi. Tukajibiwa: "Si kwa mama yule yule wa kila siku?" Tulikula, lakini kwa kimya.

Swali la mama huyo halikuwa hofu ya bure. Mwaka 2009 mtafiti Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leuven nchini Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mikojo ya watu zaidi ya 300 wa kusini mwa Katanga. Wale walioishi chini ya kilometa 3 kutoka migodi au viwanda walikutwa na kobalti kwa kiasi kilichozidi chochote kilichowahi kuandikwa juu ya wakaaji wa kawaida popote duniani. Utafiti huo hausemi neno juu ya kisima kimoja cha Kasungami. Kisima hakijulikani mpaka kipimwe. Lakini unatosha kutuonyesha kwamba mwenye kuuliza anauliza kwa akili. Na tazameni: wanaojua kupima walikuwa ukumbini, wenye vyombo vya kupimia walikuwa ukumbini, mwenye kisima alikuwa ukumbini. Walikaa pamoja siku mbili, na waliachana bila swali hilo kuulizwa kwa sauti.

Jumatatu tulirudi kwa waandalizi tukaomba ripoti yetu. Tuliona aibu kusema kwamba haikuwa kweli, lakini tulisema. Maneno ya yule mama yakawekwa katika ukurasa wa kwanza kama alivyoyaandika, na chini yake maneno ya mhandisi wa pampu na ya mwanafunzi wa mawe. Si wote waliofurahi. Mmoja alituambia kwamba ripoti inayolalamika haipati wafadhili. Hata hivyo, majuma machache baadaye, mwalimu mmoja wa chuo aliwatuma wanafunzi wawili na chupa zao hadi Kasungami, na mhandisi mmoja akakubali maji yale yapimwe katika maabara ya kazini kwake. Tunapoandika haya, majibu hayajaja. Kila Jumapili mama hutuuliza: "Mwalimu, bado?" Nasi hujibu: "Bado, Mama, lakini tunafuatilia." Kwa sasa huchota maji ya mboga mahali pengine, mbali zaidi, na binti yake humsaidia kubeba madumu.

Vijana wapenzi, anayewapa karatasi ya maoni anawaomba msaada, hata kama yeye mwenyewe hajui. Kumwandikia "vizuri sana" ili asihuzunike ni kumnyima msaada huo. Msiandike matusi, wala msitafute makosa ya kuku na mchele uliopikwa vibaya tu. Andikeni neno moja mlilojifunza, neno moja lililowazuia, na swali moja mnaloondoka nalo. Na mkiwa ninyi waandalizi, acheni mahali pa kuandika kwa lugha ambayo mtu huiotea ndoto, na karatasi isiyoingia katika safu zenu isomwe kwanza.

Sisi tumebadilisha desturi yetu. Mwisho wa mafundisho ya Jumamosi hatuulizi tena kama mmeelewa. Tunagawa vipande vya karatasi na penseli, na kila mmoja anaandika swali ambalo aliona haya kuliuliza. Juma lililopita tulipata vipande kumi na vinne. Viwili hatukuweza kuvijibu, nasi tuliwaambia hivyo mbele ya wote.