Kutoka Kampala hadi Moroto: Ngozi Katika Nchi ya Ukavu

Mkazi wa Kampala husahau kwamba hewa ina maji. Mji huu umejengwa juu ya vilima, karibu na Ziwa Viktoria, kiasi cha meta 1,200 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ukungu hulala mabondeni, na wakati wa mvua nguo huchelewa kukauka kambani. Ngozi nayo hubaki laini bila taabu kubwa.

Lakini apandaye basi la Moroto, kwa njia ya Jinja, Mbale na Soroti, huiona nchi ikigeuka. Huuacha nyuma msitu wa Mabira, huuvuka Mto Naili, huzipita nyanda za Teso, kisha huingia katika miiba na vumbi la Karamoja. Huko, baina ya Novemba na Machi, huvuma upepo mkavu kutoka kaskazini-mashariki. Familia ya askari aliyepewa uhamisho huyatambua mabadiliko hayo mwilini: midomo hupasuka, nyayo huota magaga, watoto hujikuna usiku kucha.

Sababu yake ni hii. Tabaka la juu la ngozi ni jembamba kuliko karatasi. Chembe zake zimepangwa kama matofali, na mafuta ya mwili ndiyo udongo wa kuyashikamanisha. Hewa kavu huyafyonza maji yaliyomo. Nyufa hufunguka, na vumbi na vijidudu hupata mlango. Mwili hujihami kwa kuongeza damu mahali pale, ndipo hutokea joto, uvimbe na mwasho. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Mzazi atazame mahali palipozidi weusi au palipokwaruza.

Mtoto mwenye ukurutu huteseka zaidi, kwani kila akijikuna huufungua mlango ule upya. Wazazi wengine hukimbilia krimu kali za dukani pasipo kuuliza. Baadhi yake zina dawa ambazo, zikitumiwa ovyo, huidhoofisha ngozi ikawa nyembamba zaidi. Akiona usaha au homa, mzazi ampeleke mtoto zahanati upesi.

Kinga yenyewe si ya gharama. Mwogeshe mtoto kwa maji ya vuguvugu, kwa muda mfupi, na sabuni kidogo, maana sabuni nyingi huondoa mafuta ya asili. Mfute taratibu, kisha mpake mafuta ngozi ingali na unyevu. Mafuta hayaleti maji, bali huyafungia ndani. Ndiyo maana kuyapaka juu ya ngozi iliyokwisha kukauka huwa na faida ndogo. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato yafaa. Wenyeji wa Lango, Acholi na Teso hutumia moyao, mafuta ya mbegu za mti wa shea uotao kwao.

Basi, mama afungapo mizigo ya uhamisho, baada ya blanketi na sufuria, atie na kopo la mafuta. Halilemei mzigo, na huko aendako litahitajiwa tangu usiku wa kwanza.