Mawe, Mbao na Udongo wa Jiko la Mkula

Kwa mpwa mpendwa,

Mpwa anayekusudia kulikarabati jiko la nyumba ya familia huko Mkula anashauriwa aanze na ardhi kabla ya kwenda dukani kuchagua rangi, kwa maana katika nchi ya Wasukuma udongo hubadilika kadiri mtu anavyoteremka: kilimani kuna mawe ya itale, chini yake luseni, yaani udongo wa kichanga uliotokana na kumomonyoka kwa mawe hayo, na bondeni kuna mbuga, udongo mweusi mzito unaovimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka. Sakafu iliyo juu ya mbuga husogea kila msimu na kupasua vigae hata vya bei kali, hivyo pale udongo huo sharti uchimbwe na nafasi yake ijazwe moramu iliyoshindiliwa vizuri, kazi ambayo wengi huiruka kwa sababu haionekani.

Kwa meza ya kukatia, itale hushinda marumaru, kwani marumaru huliwa na asidi ya ndimu na nyanya na kubaki na mabaka yasiyofutika. Hata hivyo itale nayo ina vinyweleo, na njia ya kuipima ni kudondosha tone la maji juu ya kipande cha sampuli: jiwe likigeuka jeusi baada ya dakika chache, linanyonya, na litahitaji kupakwa dawa ya kuziba ili mafuta yasiingie. Fundi akumbushwe pia kuchonga mfereji mwembamba upande wa chini wa ukingo, ili maji yanayochuruzika yadondoke hapo badala ya kufuata jiwe mpaka kwenye kabati na kuozesha mbao.

Mbao inayofaa ni mninga, ambao hausinyai wala kuvimba sana na ambao kiini chake hustahimili mchwa. Lakini miti ilikwisha kuwa adimu katika eneo hili, kiasi kwamba mwaka 1986, Bariadi ikiwa bado chini ya Mkoa wa Shinyanga, ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) uliofufua ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa ili nyasi na miti viote tena. Kwa hiyo ni busara mninga utumike kwenye milango ya kabati tu, na ndani iwekwe mbao nafuu.

Kuta zikiwa za tofali za udongo zipigwe lipu ya chokaa, inayopitisha unyevu, kwa sababu saruji huufungia ndani kisha ikabanduka. Rangi zote hazina haja ya kufanana: jiwe lenye madoadoa likichaguliwa, mbao na ukuta vitulie. Sampuli zote zipangwe pamoja ndani ya jiko lenyewe, zikiwa kavu na zikiwa zimeloweshwa, zitazamwe asubuhi na alasiri, na malipo yafanywe baada ya hapo.

Mjomba,
Bariadi