Kwa mpwa wangu, kuhusu senene na kitimoto

Mpwa wangu mpendwa,

Huku Upareni milimani mama yako hajambo, magoti tu ndiyo yanayomsumbua baridi ikizidi, na tangawizi mwaka huu imekubali. Barua ya posa imefika na wazee wameisoma. Hayo watakueleza wenyewe. Mimi najibu lile uliloniuliza pembeni, kama sheria ya wanyama najisi ingali inatubana sisi Wasabato, kwa kuwa unaolewa Bukoba kwa Walutheri, na siku walipokukaribisha ulirudisha sahani mbili, ya senene na ya kitimoto.

Nianze na senene, maana hapo uliteleza. Soma tena Walawi 11, usiishie kwenye nguruwe kama tufanyavyo wengi. Ukishuka chini utakuta wadudu wenye mabawa wamekatazwa, isipokuwa wale wenye miguu ya kurukia. Nzige wamo, na panzi wamo. Sasa mshike senene mmoja kabla hawajamnyonyoa, uitazame ile miguu miwili mirefu ya nyuma iliyokunjwa hadi ikapanda juu ya mgongo. Hicho ndicho kibali chake. Bahati mbaya miguu hiyo hung'olewa mapema pamoja na mabawa, kwa hiyo senene akifika kwenye karai ushahidi umeshatupwa kwa kuku. Kumbikumbi ndiye angekuwa na kesi. Wayahudi wa Yemen wamekula nzige kizazi baada ya kizazi wakiwa ndani ya Torati, ilhali wenzao wa Ulaya waliacha kwa sababu walikuwa wamepoteza ujuzi wa kutambua ni nzige gani hasa walioruhusiwa.

Kwa hiyo ulichokikataa siku ile kilikataliwa na kinyaa chako, wala si na Musa. Kinyaa si dhambi. Hapo jirani Buganda kuna ukoo wa Nsenene, ambao hawali senene kwa kuwa ndio mwiko wao, na hakuna anayewalaumu. Ila mkweo alistahili kusikia, "Mama, sijazoea." Wewe ulimwambia kanisa limekataza.

Nguruwe ni habari nyingine. Huyo ametajwa waziwazi, pamoja na ngamia, sungura na wibari, na mimi simli wala sitamla. Lakini nakuomba sana usiende kuitetea sheria hii kwa wakwe zako ukitumia minyoo. Najua kila mwaka kwenye makambi utamsikia mtu akituonyesha picha za tegu, watu wakishika mashavu. Tegu wa nguruwe yupo kweli, na nchi hii anaijua vizuri. Mbulu wataalamu wamefuatilia kifafa kinachotokana naye. Hata hivyo hebu fuata njia yake. Mtu akila nyama ya nguruwe yenye malengelenge, isiyoiva vizuri, anapata mnyoo tumboni. Mayai ya mnyoo huo hutoka na kinyesi chake. Nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho anaambukizwa. Na binadamu akiyameza mayai hayohayo, kwa mikono isiyonawiwa au mboga iliyooshwa kwa maji machafu, lava huweza kwenda hadi kwenye ubongo, na hapo ndipo kifafa kinapotokea. Umeona? Msabato asiyegusa nguruwe maisha yake yote anaweza kuugua kifafa hicho kwa sababu jirani yake hana choo. Na ng'ombe naye, mwenye kwato zilizopasuka na anayecheua, ana tegu wake. Choo, sabuni, na nyama iliyokaguliwa ikapikwa ikaiva vinatatua sehemu kubwa ya hoja hiyo. Sasa kama ulisimamisha imani juu ya mnyoo, siku mkweo atakapokuonyesha banda lake safi na muhuri wa mkaguzi wa nyama, utasimama wapi? Walawi wenyewe hawataji ugonjwa. Wanasema habari ya utakatifu, ya watu wa Mungu kujitenga.

Ndipo tunafika kwenye swali lako lenyewe, kama kujitenga huko bado kupo. Sisi hupenda kuonyesha kwamba Nuhu alitenganisha wanyama safi na wasio safi muda mrefu kabla ya Musa. Ni kweli, imo kwenye Mwanzo 7. Lakini funua hadi sura ya 9, baada ya gharika, Nuhu anaruhusiwa kula kila kilicho hai kiendacho, na anachokatazwa ni damu. Mchungaji wa kwao atakuonyesha hapo, na usijifanye hujapaona. Atakuonyesha pia Marko 7. Mwambie ugomvi wa sura ile ulianza na kunawa mikono, haukuwa wa nguruwe. Naye atakujibu kwamba Marko mwenyewe ameongeza neno lake kuhusu vyakula vyote. Hapo mtakesha. Na wakidai sheria zote za chakula zimekwisha, waulize kwa upole habari ya Matendo 15, ambako mitume wa Yerusalemu waliwaandikia hata watu wa mataifa wajiepushe na damu. Wachaga wangapi walio Wakristo safi wanakunywa kisusio bila kuikumbuka sura ile! Na Waorthodoksi wa Ethiopia, ambao ni Wakristo tangu karne ya 4, hawali nguruwe hadi leo, wala hawakungoja mmishonari wetu wa Mamba Giti awafundishe.

Mahali ninapokaa mimi zaidi ni Matendo 10. Petro yuko Yafa, darini, ana njaa, anaona shuka limejaa wanyama wa kila aina. Watu husahau alikuwa amefikia nyumbani kwa nani. Alikuwa kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi, mtu anayeshika mizoga kutwa nzima. Yaani Petro alikuwa ameshaanza kulegea kabla ya maono. Yeye mwenyewe baadaye alieleza kwamba ameonyeshwa asimwite mtu yeyote najisi, na hapo tuna haki kushikilia kwamba habari ile ni ya watu. Lakini soma sura ya 11, uone alishtakiwa kwa lipi aliporudi Yerusalemu. Walimshtaki kwamba ameingia kwa wasiotahiriwa akala nao. Basi binti yangu, andiko tunalolitumia kujitetea ndilo linalotuhukumu tukikataa meza ya mtu. Linda sahani yako, lakini kwenye meza yao ukae.

Nami nina sababu ya pili ya kutokuwa mkali. Mwaka 1858 Stephen Haskell alikuwa akisisitiza nguruwe akatazwe katika kundi letu changa. Ellen White, tunayemheshimu kama nabii, alimwandikia kumzuia asiligeuze jambo hilo kuwa kipimo kwa wengine. Kama ni wajibu, alimwambia, Mungu angewaonyesha watu wake kwa pamoja. Maono yake ya afya, huko Otsego, Michigan, yalikuja Juni 1863. Ina maana waasisi wetu walishika Sabato kwa miaka mingi huku baadhi yao wakila nguruwe, na hakuna anayethubutu kuwafuta kwenye orodha ya waaminio. Ukiniuliza kama mla nguruwe ataukosa ufalme kwa ajili ya nguruwe, nitakwambia sioni andiko la kunipa ujasiri wa kusema hivyo. Wazee wenzangu wengine hawatakubali. Wakuandikie barua yao.

Wewe, lakini, uko chini ya kitu kingine. Siku ya ubatizo ulisimama mbele ya kanisa ukakubali nadhiri, na vyakula najisi vimo humo pamoja na pombe na tumbaku. Hukulazimishwa, nilikuwepo. Mkweo hakuweka nadhiri hiyo, wala mchumba wako. Kwa hiyo inakubana wewe na haiwabani wao, na ukiona siku moja kwamba huiamini tena, njoo useme hadharani kama ulivyoapa hadharani. Usiwe unakula gizani Bukoba na kuhubiri mchana Same.

Sasa mambo ya jikoni. Mwambie mkweo mapema, kabla hajaenda sokoni, usingoje chakula kimepakuliwa. Mwombe akukaangie kwenye karai ambalo halijapita mafuta ya nguruwe. Mama mwenye mji hachukii kuombwa hivyo, anachukia kurudishiwa sahani. Kwenye samaki uko huru kuliko unavyodhani. Sato ni halali, sangara ni halali, na dagaa pia. Kambale ndiye hana magamba, na kwa kuwa wanapenda kumkausha kwa moshi, uliza kabla hujachovya ugali kwenye mchuzi. Senene uwaonje, hata watatu tu, ukiwa umekaa karibu na mama. Na siku ya harusi kamati imtafute jirani Mwislamu achinje ng'ombe na mbuzi, ndugu zetu Waislamu wa Mwembe wale bila wasiwasi. Kama watu wao watataka kitimoto, kiwe upande wake na miiko yake ya kupakulia. Usianzishe vita na kamati.

Ambalo hukuliuliza ndilo zito zaidi. Mwenzako atakula nguruwe nyumbani, au kwa rafiki zake tu? Akileta kilo moja jioni, utapika wewe? Na watoto je, wakienda likizo kwa bibi yao? Maoni yangu ni kwamba kisiingie jikoni mwako, na yeye akila kwao usimnusenuse akirudi. Watoto wale kwa utaratibu wa nyumba yao hadi watakapofikia umri wa kuchagua wenyewe. Lakini ndoa ni yenu, hamuwezi kuishi kwa maoni ya mjomba. Kaeni chini wawili, mkubaliane, na mniandikie kabla ya siku ya mahari, kwa sababu mshenga wao ana maswali mengi na wazee wamenipa mimi kazi ya kumjibu.

Ni mimi,
Mjomba wako