Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Kuna shilingi laki mbili za Uganda ambazo najua zilipo. Nikitaka naweza kumwonyesha mtu yeyote salio lake kwenye simu yangu, lakini hakuna binadamu atakayezigusa tena. Hazikuibwa, wala hatukutapeliwa. Niliziweka mimi mwenyewe usiku mmoja katika chumba cha hosteli hapa Kampala, huku wenzangu wanne wamenizunguka wakishangilia. Insha hii ni habari ya pesa hizo, na ya sentensi mbili ambazo kama zingekuwapo mahali pake, pesa zetu tungekuwa nazo hadi leo.

Tulikuwa wanafunzi watano wenye kikundi cha akiba. Kila wiki kila mmoja alitoa shilingi elfu kumi. Vikundi vya namna hii vinajulikana kwa ugomvi: mweka hazina anapata shida nyumbani, anakopa kidogo bila kusema, na urafiki unavunjika. Mimi nilikuwa mwaka wa pili wa masomo ya kompyuta, na kichwa changu kilikuwa kimejaa habari za blokucheni. Niliwaambia wenzangu kwamba ipo dawa. Blokucheni ni kama daftari moja la hesabu linalonakiliwa katika maelfu ya kompyuta, na kila ukurasa mpya umefungwa kwa ule uliotangulia, hata mtu akitaka kufuta mstari wa jana, kompyuta nyingine zote zitamkatalia. Juu ya daftari hilo mtu anaweza kuandika mkataba mahiri, yaani programu ndogo inayoshika pesa na kuzitoa kwa masharti yaliyoandikwa tu. Mweka hazina wetu angekuwa programu, na programu haina shida nyumbani.

Nilipata mfano wa mkataba wa akiba katika nyaraka za mradi mmoja wa programu huria. Ulikuwa mfupi na msafi. Niliunakili, nikaujaribu katika mtandao wa majaribio, mahali ambapo sarafu hazina thamani. Kuweka pesa kulifanya kazi. Salio lilionekana. Baada ya wiki nne tulikuwa na laki mbili. Tukanunua sarafu halisi, tukaziweka. Siku mmoja wetu alipougua na kuhitaji fungu lake, nilitafuta amri ya kutoa pesa. Haikuwapo. Ilikuwa imeelezwa katika ukurasa wa pili wa somo lile, na kiungo cha kwenda ukurasa huo kilikuwa kimekufa. Mimi nilidhani mfano niliounakili ulikuwa kamili. Na kwa kuwa mkataba ukishawekwa katika daftari haubadilishwi, isipokuwa umeandikwa tangu mwanzo kwa namna inayoruhusu mabadiliko, pesa zetu zilikuwa zimeingia katika nyumba yenye mlango wa kuingilia tu.

Sitaki kujivua lawama. Nilijaribu kuweka, sikujaribu kutoa, na hilo ni kosa la mtu mwenye haraka. Niliwalipa wenzangu kidogo kidogo muhula mzima kwa kuwachapia watu kazi zao. Lakini hasara iliyoniuma zaidi haikuwa ya pesa. Wawili kati yetu walikuwa wameanza kujifunza kuandika mikataba ile pamoja nami, na mmoja wao alikuwa na akili ya hesabu kuliko sisi sote. Baada ya usiku ule hawakurudi tena. Sidhani kama waandishi wa nyaraka zile watawahi kujua kwamba walipoteza watu wawili Kampala kwa sababu ya kiungo kilichokufa.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma nyaraka kwa jicho jingine. Mtu akisema neno "blokucheni", wengi hufikiria bei za sarafu. Mimi hufikiria maandishi. Bitcoin ilianza mwaka 2008 kwa waraka wa kurasa 9 uliosainiwa kwa jina la Satoshi Nakamoto. Mwenye jina hilo hajajulikana hadi leo, na alinyamaza mwaka 2011. Hakuna wa kumpigia simu kumuuliza alikusudia nini. Kazi yake iliendelea kwa sababu aliacha msimbo unaosomeka na maelezo ambayo mgeni aliweza kuyafuata. Jumuiya ambayo watu wake hawajuani kwa sura, hawakai mji mmoja na hawana bosi, hushikwa pamoja na kile kilichoandikwa.

Katika programu za kawaida, nyaraka mbaya hupoteza muda. Ukikosea, unafuta na kuanza upya. Katika blokucheni, kosa dogo la maandishi linaweza kubaki milele. Mwaka 2016 katika mtandao wa Ethereum palikuwa na mkataba ulioitwa Rubixi. Lugha ya Solidity ya wakati huo ilikuwa na kanuni hii: sehemu ya msimbo iliyobeba jina sawa na la mkataba huendeshwa mara moja tu, mkataba unapozaliwa, na hapo ndipo mmiliki hutajwa. Waandishi wa Rubixi waliubadilisha mkataba jina, lakini sehemu ile wakaiacha na jina la zamani. Basi ikawa amri ya kawaida ambayo mtu yeyote angeweza kuiita na kujifanya mmiliki, kisha akachukua ada zilizokusanywa. Lugha yenyewe ilirekebishwa baadaye. Toleo la 0.5.0 la mwaka 2018 linaukataa kabisa uandishi ule. Hata hivyo masomo yaliyoandikwa kabla ya hapo bado yanasomwa. Mwanafunzi anayeyafuata leo hupata ujumbe wa kosa katika hatua ya kwanza, na kwa kuwa somo halisemi liliandikwa kwa toleo gani, hudhani mjinga ni yeye.

Tatizo hili si la blokucheni peke yake. Mwaka 2017 GitHub ilifanya uchunguzi miongoni mwa watu wa programu huria. Asilimia 93 walisema wamekutana na nyaraka pungufu au zilizopitwa na wakati. Katika uchunguzi huohuo, asilimia 60 ya wachangiaji walisema huchangia nyaraka mara chache au hawachangii kabisa. Nilipozisoma tarakimu hizi mbili zikiwa pamoja nilicheka peke yangu. Ni kama nyumba ambayo wote wanalalamika kwamba paa linavuja, na wengi wao hawajawahi kushika ngazi.

Kwa nini hawashiki ngazi? Nadhani ni kwa sababu anayeijua kazi haoni tena matobo. Mwenyeji hupita gizani ndani ya nyumba yake bila kujikwaa. Anajua kigoda kiko wapi. Anayejikwaa ni mgeni. Mwandishi wa mfano ule wa akiba alijua moyoni kwamba ni wa kufundishia tu, na kwake lilikuwa jambo la wazi mno hata halikuhitaji kuandikwa. Ndiyo maana naamini mtu anayefaa zaidi kutengeneza nyaraka za mradi ni yule aliyefika juzi, kabla hajasahau alijikwaa wapi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hapa tiba ambayo mgeni anakuja nayo ni kule kutojua kwake.

Nilichukua miezi mitatu kupata ujasiri. Nilijiuliza, mimi ni nani hata nisahihishe kazi ya mabingwa? Mwishowe niliandika pendekezo la mabadiliko: kiungo kilichokufa nikakifufua, na juu ya ule mfano nikaongeza sentensi mbili. Kwa Kiswahili ni hivi: "Mkataba huu unapokea pesa lakini hauna njia ya kuzitoa. Usiuweke katika mtandao wenye pesa halisi." Siku tisa zilipita kimya. Siku ya kumi mtu nisiyemjua, katika nchi nisiyoijua, aliniuliza swali moja, akanishukuru, akayakubali. Nilikaa kitandani nikiutazama ule ukurasa kama mtu aliyeona jina lake katika orodha ya waliofaulu. Sikuwa nimeandika hata mstari mmoja wa msimbo, lakini siku hiyo nilihisi kwamba nami ni mtu wa pale. Miradi inayotafuta wasanidi wapya kwa mashindano na zawadi ingefaidika zaidi, nadhani, kwa kumjibu mgeni mmoja mapema.

Baadaye nilijifunza kwamba nyaraka nazo zina aina zake. Daniele Procida, aliyeandika sana juu ya jambo hili, huzigawa katika mafungu manne: masomo, miongozo ya kazi, marejeo na maelezo. Mimi huwafafanulia wenzangu kwa bodaboda. Kumfundisha mtu kuendesha ni somo. Kumwelekeza dereva njia ya kutoka Wandegeya hadi Ntinda ni mwongozo wa kazi. Ramani ya jiji ni marejeo. Na kumweleza kwa nini barabara ile hujaa magari jioni ni maelezo. Ukimpa ramani mtu asiyejua kushika breki, umemdanganya bila kusema uongo. Mfano uliotuponza ulikuwa kipande cha somo kilichokaa kama marejeo, na sisi tukakichukua kama kitu cha kutumia.

Limebaki suala la lugha, na hapa nawageukia hasa walimu wangu. Uchunguzi ule wa GitHub ulionyesha pia kwamba karibu robo ya watu wa programu huria husoma na kuandika Kiingereza kwa kiwango kilicho chini ya "vizuri sana". Katika chumba chetu cha hosteli hesabu ilikuwa mbaya kuliko hiyo. Mmoja wetu alitoka Bukavu na mwingine Bujumbura, na wote wawili walisoma kwa Kifaransa. Lugha iliyotukutanisha sote ni Kiswahili, ingawa kila mmoja alikuwa na chake. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, lakini kwetu sisi kilikuwa tayari lugha ya kulaumiana juu ya laki mbili.

Kwa hiyo tulioubaki watatu tuliamua kuandika ukurasa wa kwanza wa Kiswahili kwa ajili ya anayeanza. Tulidhani ni kazi ya jioni moja. Tulikwama katika neno la kwanza. Mimi niliandika "pochi". Mwenzetu wa Bukavu akapinga: pochi hushika pesa, na hii haishiki pesa; pesa ziko katika daftari la wote, humu mna ufunguo wa siri tu. Tulibishana hadi chai ikapoa. Tuliibakiza "pochi", kwa kuwa watu wameizoea, lakini chini yake tukaandika kwamba ndani mna ufunguo, na kwamba aliyepoteza ufunguo huo hana ofisi ya kwenda kuomba mwingine. Jambo hilo nilikuwa nimelisoma mara nyingi kwa Kiingereza bila kulielewa hasa. Nililielewa siku nilipolazimika kulitafutia neno. Vivyo hivyo "gesi", ambayo ni malipo ya kazi inayofanywa na kompyuta za mtandao. Mwenzetu wa Bujumbura aliuliza kama ni ya kupikia, na kwa swali lake tukaongeza mstari wa maelezo.

Hatukuwa wa kwanza katika njia hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisini yenye menyu za Kiswahili, na kazi hiyo ilihitaji kwanza kukusanya istilahi. Tunatumia leo maneno ambayo watu walikaa wakayajadili. Wanafunzi wa Kiswahili na wanafunzi wa kompyuta katika vyuo vyetu hukaa majengo mawili tofauti na hukutana kantini tu. Nyaraka za programu huria ni mahali ambapo wangeweza kukutana kazini: mmoja anajua kitu kinavyofanya kazi, mwingine anajua kukisema kikaeleweka, na hakuna anayehitaji kibali cha mtu ili aanze.

Ukurasa wetu sasa umesomwa na watu wachache tunaowajua kwa sura. Mwezi uliopita mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alinisimamisha kwenye ngazi za maktaba. Alisema, "Kaka, samahani, hatua yenu ya nne haipo. Mmetoka ya tatu mkaenda ya tano." Nilikasirika kidogo; nilikuwa nimeusoma ukurasa ule mara ishirini. Tuliufungua pamoja kwenye simu yake. Kweli hatua ya nne haikuwapo, na ilikuwa ile inayomwambia msomaji ajaribu kutoa pesa kabla ya kuweka nyingi.

Nilimwomba aiandike yeye.